Kikapu Kilichokemewa Sabato

Naandika haya kwa sababu Mzee Ombui wa kanisa letu ameshayasimulia katika makanisa matatu, na kila akisimulia, kikapu changu kinazidi kuota pembe.

Ni kweli alikikemea. Alisimama katikati ya sebule yangu hapa Oruba, Migori, Biblia mkononi, akakiamuru kilichomo kitoke. Na kikatoka.

Ila hakikuwa pepo. Ilikuwa oti.

Wacha nianze mahali pake.

Mama mkwe wangu anaishi Oyugis. Mwezi wa pili mume wangu Makori alimleta kwetu akiwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Sukari yake ilikuwa imepanda hadi kumi na nane. Daktari alisema wazi kwamba isiposhuka kwa mwezi mmoja, kidole kinakatwa, na baada ya kidole huwa ni mguu.

Alikuja na begi la nguo, Biblia yake na galoni ndogo ya chachu ya uji, maana anaamini uji wa Migori hauna ladha. Uji wenyewe alizoea kuunywa na vijiko sita vya sukari. Nikaupiga marufuku siku ya kwanza.

Galoni ikakaa chini ya kitanda. Yeye akakaa juu yake, amenuna.

Nilijaribu kila kitu. Ugali wa wimbi, akasema unamkwama. Mboga bila chumvi, akasema hata ng'ombe hulambishwa chumvi. Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani, halafu nasikia karatasi ya biskuti ikilia chumbani.

Mimi nina hasira za karibu, sitawadanganya. Lakini huyu mama ndiye aliyenishika nilipomzaa Valentine kwa upasuaji. Alinifulia hadi nguo za ndani. Kila nikikiangalia kile kidole nilikuwa naogopa.

Basi Kuruthum, mwenye duka la nafaka pale mjini, akanipa wazo. Akanifungulia gunia la oti nzima. Si ile iliyopondwa ya kwenye pakiti. Hii ni punje kamili, nyembamba, rangi ya kahawia.

"Kwetu Ramadhani tunaitia kwenye supu ya nyama," akaniambia. "Unaiosha, unaikaanga kavu mpaka inukie, ndiyo unachemsha. Kikombe kimoja, maji vitatu. Lakini inataka subira, dada. Hii si mchele."

Nikabeba kilo mbili. Mama mkwe alipoona zile punje, alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Mama Vale, kwani mimi nimekuwa kuku?"

"Mama, hii ni nzuri kwa mtu wa sukari."

"Kuku pia hana sukari. Na bado anachinjwa."

Sasa, sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, moto umezimwa na chakula cha kesho kiko tayari. Nafaka ngumu mimi huivisha kwa kikapu. Unachemsha sufuria vizuri, unaitumbukiza ikiwa ya moto kwenye kikapu kilichoshindiliwa sponji na matambara, unafunika na mto. Joto lake lenyewe linamaliza kazi.

Nikafanya hivyo. Vikombe vitano vya oti, maji kumi na tano, nusu saa kwenye jiko. Nikaacha kikapu jikoni, tukakaa sebuleni kufungua Sabato kwa nyimbo. Katikati ya wimbo wa pili Mama akasema mguu unamuuma, akaenda kujinyoosha. Hakuna aliyemfuata.

Kesho yake baada ya kanisa, Mzee Ombui alikuja na shemasi Monari kumwombea Mama. Makori akaleta kikapu sebuleni ili tule baada ya maombi.

Mzee Ombui haombi, anashambulia.

"Kama kuna kitu ndani ya nyumba hii," akanguruma, "kinachomzuia mama huyu kupona..."

Kikapu kikajibu. Bwuuluk.

Nikafungua jicho moja. Shemasi Monari alikuwa ameshafungua yote mawili.

Ule mto wa juu ukainuka kidogo, ukashuka. Ukainuka tena. Kikapu kilikuwa kinapumua.

Shemasi Monari ni mwanaume wa kilo mia. Alipanda kwenye kochi langu na viatu. Makori akanishika mkono kama mume, kisha akajificha nyuma yangu. Mama mkwe peke yake ndiye aliyetulia, ameketi kwenye kochi lile lile, macho kwa mzee, anamung'unya mdomo. Nikadhani anaomba.

"Wewe uliyejificha humo," Mzee Ombui akasema, sauti imeanza kutetemeka, "toka."

Mfuniko ukaruka na mto wake, ukagonga kalenda ukutani. Uji mzito wa kahawia ukapanda ukingoni taratibu, ukashukia zulia langu, ukaelekea viatu vya mzee.

Mzee akarudi nyuma, akisoma Zaburi.

Harufu kali ya kuchacha ikajaa nyumba. Nilitamani ardhi ipasuke. Chakula kimeharibika, wageni wanaangalia, na Mama tangu jana hajala kitu cha maana.

Ndipo Mama akainuka. Akachechemea hadi kwenye kikapu, akachovya kidole, akaramba.

"Leteni bakuli," akasema.

Akala. Akaongeza. Bila sukari, jamani, hata punje moja.

"Inafanana na uji wa mama yangu," akasema bila kuniangalia.

Nilienda jikoni nikalia.

Jumapili nikapika vilevile. Akaonja, akasukuma. "Si hii." Jumatatu hivyo hivyo. Jumatano akasema, "Hii ya leo imelala." Vikombe vile vile, kikapu kile kile, na siku za daktari zinakatika. Nikampigia Kuruthum nikamfokea.

"Dada, oti yangu hairuki," akanijibu. "Uliza watu wa nyumbani kwako."

Ijumaa, wimbo wa pili, mguu ukauma tena. Safari hii nikamfuata.

Nilimkuta jikoni amefungua kikapu, ameipoza oti kwa maji baridi. Galoni iko mkononi, anamimina chachu kwenye sufuria yangu.

"Mama?"

Hakushtuka hata. "Funga mlango, baridi inaingia."

"Kumbe ni wewe?"

"Wiki ile nilitaka kuiharibu, ndio uwache kunilisha chakula ya kuku." Akakoroga. "Leo naitengeneza."

Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na haki yote. Zulia lina doa hadi leo. Lakini nikajikuta nimemshikia mfuniko ili amimine vizuri.

"Usikaze sana," akaniambia. "Inataka kupumua."

Mwezi ulipoisha, sukari ilikuwa tisa. Daktari alisema ni dawa, ni kutembea, ni chakula, ni vyote pamoja. Kidole kipo. Ananionyesha kila asubuhi, kana kwamba ni mimi niliyetaka kukikata.

Kuhusu Mzee Ombui, nilitaka kumwambia ukweli kabla hajafika kanisa la nne. Mama akanikataza.

"Mwache. Alisema kuna kitu kwa hii nyumba kinanizuia kupona. Si kilikuwa?"

"Kilikuwa wapi, Mama?"

"Kwa kochi, na kidonda mguuni. Kilikuwa kinamwangalia."

Basi wewe unayepigana na mzazi mgonjwa juu ya sahani, sikia la mwenzako. Mimi nilimpikia siku nyingi akakataa. Alichokitia mkono wake mwenyewe hajakikataa hata siku moja. Mpe mwiko, umshikie mfuniko.

Na zulia likunje kabla ya wageni.