Kichwa cha Dada Rukia

Nikisikia harufu ya mvuje, mpaka leo, hushikwa na hasira. Si kichefuchefu, hasira. Mnaoijua mtanielewa: uvundo ule wa kitunguu kilichooza, wa utomvu unaotiwa motoni kufukuza mashetani, ukaingia mpaka kwenye mito na kwenye maji ya kunywa. Miaka ya hamsini, nikiwa mtoto wa miaka kumi hivi, niliishi ndani ya harufu hiyo, mtaa wa Malindi karibu na bandari, katika nyumba ya shangazi yangu Bi Salma. Baba alikuwa baharia, na akisafiri alituacha hapo mimi na mama, tule kwa adabu na tunyamaze.

Bi Salma alikuwa na binti mmoja, Rukia, mwari wa miaka kumi na saba. Mwari wa siku zile hakuonekana na mtu. Alikaa chumba cha juu, madirisha yamefungwa, akingojea mume, na kila jioni nguo zake zikifukizwa udi humo humo ndani. Mimi nilipewa kazi ya kukaa naye nimliwaze. Na Dada Rukia alikuwa haishi kuumwa. Asubuhi anaumwa, mchana anaumwa, pilau imepakuliwa anaumwa.

"Nini tena leo?" shangazi huuliza.

"Kichwa, mama."

Kila siku kichwa. Nami nilikuwa namwona kwa macho yangu anashika kifua, mabega yanapanda na kushuka, koo linapiga mluzi kama birika inayotaka kuchemka. Nilipomwambia shangazi, alinifinya sikio mpaka machozi yakanitoka. "We mtoto una kiherehere! Mwenyewe kasema kichwa, wewe kifua umekitoa wapi?" Kwake yeye Rukia alikuwa na jini, na jini hutolewa kwa moshi. Kikaletwa chetezo, makaa, ubani na huo mvuje, mgonjwa akafunikwa shuka gubigubi pamoja na chetezo chake. Akikohoa, shangazi hufurahi. "Mnasikia? Anataka kutoka huyo!"

Nilimchukia mwanamke yule, tena sana. Akiteremka jikoni tu, mimi hufungua dirisha upenyo wa vidole viwili, na Dada huweka pua hapo akavuta upepo wa bandarini, uliojaa karafuu na papa mkavu. Mluzi hupungua. Siku moja shangazi akatukuta. Akalibamiza dirisha, nusura litukate vidole. "Mnataka kuniaibisha mtaani! Mwari anachungulia?"

Mama alijaribu kwa upole. "Wifi, mtoto huyu hapumui. Tumpeleke hospitali."

"Wewe nyumba hii umeolewa, hukuzaliwa," shangazi akamwambia. "Kaa kwenye mkeka wako."

Mama akakaa. Nikamkasirikia na yeye.

Kisha wakaja wanawake wa upande wa mume kumtazama mwari. Ilikuwa alasiri, ukumbini kumetandikwa, kahawa na halua ziko tayari, na Dada Rukia tangu asubuhi alikuwa hawezi hata kumaliza neno. Shangazi akapanda juu na chetezo, akazidisha mvuje, akamfunika, akateremka kukaribisha wageni. Nikiwa ngazini nilisikia kikohozi, halafu sikusikia kitu. Kimya kile kilinitisha kuliko kikohozi chenyewe. Nikapiga ukelele, "Mama wee! Dada anakufa!"

Mama alipanda ngazi mbio, kanga zinamdondoka. Akamwagia chetezo mtungi mzima wa maji, akafungua madirisha yote, akamfunua Rukia. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau.

"Zuhura, unanivunjia heshima, wageni wako chini!" Shangazi alikuwa amefika mlangoni, akamshika mama mkono.

Mama akamsukuma. Mama yangu, aliyekuwa akiomba ruhusa hata ya kuchota chumvi! Akamvisha Rukia buibui lake, akamkokota begani, akapita naye katikati ya wageni na vikombe vyao, nami nyuma nimebeba viatu.

Hospitali daktari alimsikiliza mgongo, akasema ni pumu, kisha akatunusa nguo na kuuliza moshi ule wa nini. "Mtoeni humo," alisema, "moshi ndio unaommaliza." Hatukurudi Malindi. Mama alituchukua sote Mbweni kwa bibi yangu, kwenye nyumba ya makuti inayopitisha upepo kila upande, na Dada akawa anapumua. Posa ilivunjika. Shangazi alitangaza mji mzima kwamba wifi yake amemharibia mwana.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alikuwa mjinga tu, na mjinga mtu humsamehe. Siku moja, tukiwa watu wazima, Dada ana watoto wake, tulikuwa kwake tunapeta mchele. Nikamwuliza kwa nini siku zote alikuwa anasema kichwa. Akacheka, lakini hakuinua macho kwenye ungo.

"Siku ya mwanzo nilimwambia kifua. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Akanambia, 'Ukisema kifua, watu watasema kifua kikuu, na hakuna atakayekuoa. Jini si aibu, kila nyumba limo. Sema kichwa.'"

Kumbe shangazi alimwamini. Tangu siku ya kwanza alimwamini mwanawe, akajua panapouma, na akapeleka moshi pale pale. Nimeshazeeka, ndugu zangu, na nimeambiwa mara nyingi nimsamehe marehemu. Ujinga ningeusamehe. Hili sijaweza.