Wimbo wa Kanga Iliyoazimwa

Majuzi nilikuwa nachambua mchele barazani, redio ya jirani ikisikika mpaka kwangu, mara fidla ikalia. Nikaujua wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ulipokwisha, mtangazaji akawauliza wasikilizaji: nani aliutunga, na alimtungia nani? Bwana mmoja akapiga simu, akamtaja mpiga kinanda mmoja wa zamani, akaongeza kwamba alimtungia mchumba wake wa Mombasa. "Sawasawa kabisa!" mtangazaji akasema, akampongeza. Mimi nikaendelea kutoa chuya. Ningefanya nini?

Wimbo ule aliutunga mama yangu, uani kwetu Makorora, akifua nguo. Wala hakumtungia mchumba. Alimtungia Bi Zuhura, jirani yetu wa mtaa wa pili, aliyeazima kanga mpya ya mama ya kuendea harusini, akairudisha ina jasho na doa la pilau.

Kanga yangu umeivaa, harusini ukang'ara,
Jasho lako limebaki, sijalifua hadi leo.

Leo watu wazima hufumba macho wakiyasikia maneno hayo, wakidhani ni mtu anayeinusa kanga ya mpenzi aliyekwenda zake. Siku mama alipoyaimba mara ya kwanza, wanawake wa uani walicheka mpaka mmoja akakaa ndani ya beseni la sabuni.

Wakati ule, miaka ya hamsini, kila mtaa ulikuwa na chama chake cha ngoma cha wanawake. Mama alikuwa katika chetu, Bi Zuhura katika cha mtaa wa pili. Harusini vyama hivyo vilikaa pande mbili za ua na kurushiana vijembe kwa nyimbo. Na desturi ilikuwa moja: wimbo ukishapelekwa chamani, mtunzi hatajwi tena. Ukiuliza nani katunga, utajibiwa, "Sisi."

Haukupita mwaka, mama akashikwa na homa, akatutoka. Baba alikuwa ameshakufa kwenye shamba la mkonge. Nilikuwa darasa la tatu. Tulibaki mimi, mdogo wangu Salimu, na Mwanahawa, aliyekuwa bado ananyonya.

Mama mkubwa alikuja kutoka Kigombe kutugawa, huyu aende huku, yule kule. "Mtoto atalea watoto?" akauliza.

Nikamwambia, "Mama mkubwa, chakula kipo, na maji ya kuoga nimekutekea. Lakini hatugawanyiki."

Akanitazama sana, akala, akaoga, kesho yake akarudi kwao. Shule nikaiacha, nikakaanga vitumbua.

Nguo za mama tuliwagawia jamaa baada ya arobaini, kama ilivyo ada. Picha hakupiga hata moja. Kwa hiyo Mwanahawa hakuwa na chochote cha mama ila ule wimbo. Akilia, nilimwimbia. Akiuliza mama alikuwaje, nilimwimbia.

Kumbe wimbo nao ulikuwa njiani kuondoka. Bi Mwanaharusi, kiongozi wa chama chetu, alimruhusu yule mpiga kinanda kuutumia katika harusi za mjini. Bwana yule akavuka nao mpaka wa Horohoro, akaenda Mombasa, ukarudi kwenye santuri, umetiwa fidla, sauti yake na jina lake. Mkahawani wakaupiga kutwa.

Siku moja Mwanahawa, ameshaanza kung'oka meno ya mbele, alikuja kwangu machozi yakimtoka. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba wimbo ule ni wa mama yake.

"Wamenicheka, dada. Wamesema, 'Mwongo! Kaburini kuna kinanda?'" Akafuta kamasi kwa mkono. "Ulinidanganya?"

Nikaacha unga kwenye bakuli, nikaenda kwa Bi Mwanaharusi. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wadogo zako wamekula?"

"Wamekula. Nina haja moja, bibi. Ijumaa harusini, mkiimba wimbo wa kanga, mtajeni mama. Mara moja tu, Mwanahawa asikie."

"Hatutaji mtunzi. Unajua."

"Mpiga kinanda mbona anatajwa?"

"Yule mwanamume, yuko mbali, na mdomo anao." Akavuta ukili kwa meno. "Haya, nenda. Nitaona."

Mimi nikalichukua lile "nitaona" kama ahadi. Ijumaa nikamwogesha Mwanahawa, nikampaka mafuta mpaka akang'aa, tukakaa mbele kabisa. Wimbo ukaimbwa, ua mzima ukaitikia. Bi Mwanaharusi akatutazama. Kisha akatazama upande wa pili, alikokaa Bi Zuhura na wenzake, shingo zimenyooka, wakingoja. Akapiga kofi moja, akaanzisha wimbo mwingine.

"Bado hawajamtaja?" Mwanahawa akaninong'oneza.

"Bado."

Ikaja sharubati, likaja pilau, watu wakatawanyika. Tangu siku ile sikumsikia Mwanahawa akiimba wimbo ule tena.

Nilipokuwa mtu mzima nami niliingia chamani, na huko ndiko nilikofahamu. Anayetajwa hujibiwa. Harusi inayofuata wenzako wa upande wa pili watakuimba wewe: mapishi yako, ndoa yako, kizazi chako. Nawe lazima usimame ujibu. Mama asingeweza kusimama. Angetukanwa mbele ya binti yake, na jibu lingekuwa kimya. Bi Mwanaharusi aliliona hilo kwa kutazama upande wa pili mara moja tu. Nilipotaka kumwambia kwamba nimefahamu, alikuwa ameshazikwa. Bi Zuhura naye alikuwa amekufa. Hakuwapo tena wa kumtukana mama, wala wa kushuhudia kwamba wimbo ni wake.

Mwaka jana Mwanahawa, ambaye sasa ana wajukuu, alikuja kunitazama. Tulikuwa wawili tu ndani. Akasema, "Dada, niimbie. Si kama wanavyoimba. Kama mama."

Nikaanza. Sauti iliyonitoka ilipanda pale inapopanda ya yule mwanamume wa santuri, ikakawia pale fidla inapoingia. Nikanyamaza, nikaanza upya kutoka mwanzo, polepole, nikimtafuta mama uani na povu mikononi. Akatoka mwanamume yuleyule. Nikajaribu tena.

Mwanahawa akaniwekea mkono gotini. "Basi, dada," akasema. "Hivyo ndivyo ninavyoujua mimi."