Mzee Alifuata Karatasi Yangu Neno kwa Neno

(Msomaji wa Tabora. Jina tumelificha kwa ombi lake.)

Ndugu wasomaji, mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, nakaa Ipuli. Tangu juzi, nikisikia gari la ofisi linapiga breki nje, nakimbilia dirishani.

Niliishia darasa la saba. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyochanika jalada, na ndicho kilichonipa kazi kwenye ofisi ya serikali inayopiga sinema za vijijini. Vitabu vya kamera vinakuja kwa Kiingereza, mimi naandika maelekezo kwa Kiswahili, yanapigwa taipu, mpiga picha anaondoka nayo. Mpiga picha wetu ni Mzee Saidi (si jina lake). Kiingereza hajui, ila mpe karatasi ya Kiswahili, hakosei. Ananiita Profesa.

Mwezi uliopita ikaja kamera mpya. Ile ya zamani ukibonyeza inachukua, basi. Hii ina kijiti pembeni cha kufunga pazia la ndani, mwanga usifike kwenye mkanda. Ukiibeba, unafunga. Ukitaka kupiga, unafungua. Nikaambiwa niyaongeze hayo kwenye maelekezo yetu ya zamani. Wallahi nilikuwa na haraka, nilitaka nimalize siku moja nisifiwe! Kwenye ukurasa wa kubeba nikaandika: funga pazia. Ukurasa wa kupiga nikauacha na maneno ya kamera ya zamani. Sikuandika popote kwamba afungue.

Mzee akaenda upande wa Urambo siku nne, kupiga watu wanavyohamia kijiji kipya na kuezeka nyumba za kwanza. Ukichungulia kwenye kidirisha cha kamera ile unaona watu vizuri kabisa, hata pazia likiwa limefungwa. Aliporudi nikapokea kamera, nikaona kijiti kiko chini, pazia limefungwa. Ndipo nikakumbuka ule ukurasa wa kupiga.

"Shikamoo mzee. Hiki kijiti ulikipandisha wakati wa kupiga?"

"Marahaba. Nikipandishe kwa nini? Umesema nifunge, nimefunga. Nimekufuata neno kwa neno, Profesa, hata mama watoto sijawahi kumtii hivyo!" Akacheka mpaka akakohoa.

Mikanda yote ilishapanda treni kwenda Dar kusafishwa. Itarudi nyeusi tii.

Sasa sikieni kinachonitisha. Kabla ya safari, Mzee alisimama kwenye mkutano wa ofisi akasema kijiji kile kimewekwa mbali na maji. Tangu siku hiyo mkuu wetu anasema, "Huyu mzee moyo wake hauko nasi." Mikanda ikirudi nyeusi watasema nini? Hujuma! Neno hilo likishakugusa huponi, na Mzee ana watoto sita.

Nikamwambia dada Mwajuma (naye si jina lake), mpiga taipu wetu. Akanijia juu.

"Wewe mjinga nini? Tunapiga ukurasa mwingine, unaweka kwenye faili, ule unachoma. Nani atajua?"

Nikafanya. Ukurasa mpya unasema wazi: fungua pazia kabla ya kupiga. Nilipofunga faili ndipo akili ikanirudia. Sasa faili linasema Mzee aliambiwa! Nilitaka kujiokoa mimi, kumbe nimemfunga kamba yeye.

Ikabaki nakala moja tu ya zamani, ile aliyokwenda nayo safari, imekunjwa kwenye mfuko wa koti lake. Jana akaja mwenyewe mezani kwangu. "Profesa, hii imelowa jasho, nipe nyingine mpya." Mkono wangu ukaipokea kabla sijafikiri. Nikampa mpya. Akasema ahsante mwanangu.

Iko hapa mbele yangu ninapoandika. Nikiipeleka kwa mkuu, mhujumu nitakuwa mimi, maana karatasi ya serikali nimeshachoma, na Mwajuma naye ataingia. Nikiitia kwenye jiko, Mzee hana kitu cha kujitetea, hata neno lake halitasikika. Kila nikiwasha kiberiti nakizima tena.

Nifanyeje jamani? Mwenye ushauri anipe, lakini upesi, mikanda haiko mbali. Na jueni hili: kila Jumamosi wakati wa chai, anayetusomea ukurasa huu wa gazeti kwa sauti pale ofisini ni Mzee Saidi. Mimi hukaa mbele yake.