Giaboksi ya Kupandia Mlima

Mjukuu wangu aliye Dar es Salaam anang'oa injini za magari na kuweka mota za umeme. Juzi alinipigia simu kuniuliza giaboksi ya zamani aiache au aitoe, maana mota ya umeme, anasema, inavuta kwa nguvu tangu inapoanza kuzunguka. Nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili. Nilimwambia kabla hujashika spana muulize mwenye gari anataka kwenda wapi, na akishakujibu, muulize tena. Alicheka. Nadhani alijisemea babu anazeeka vibaya.

Gari nililolibadilisha mimi lilikuwa lori la kijiji, miaka ile ya kuhamishiwa kando ya barabara. Sisi tulitoka vilima vya Umatumbi. Tuliteremshwa na vyungu vyetu, tukaambiwa hapa ndipo penye maendeleo, tukapangwa safu kwa safu pamoja na wavuvi na wachuuzi waliokuwapo tangu zamani. Mikorosho yetu ilibaki juu. Mama yangu naye alibaki juu. Alisema mikorosho ile aliipanda yeye na marehemu baba, na kwamba maendeleo hajamwomba mtu. Wakubwa walimwacha kwa muda, kwa kuwa mwinuko wa kwake ulilishinda hata gari la wilayani, na kwa miguu wao hawaendi.

Lori letu la petroli likaua injini. Tukapata nyingine ya dizeli, iliyokuwa ikiendesha pampu ya maji kwenye shamba la mkonge lililofungwa. Ufundi nilijifunzia shambani humo humo, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Injini ya namna ile huzunguka polepole lakini ina nguvu za punda. Shida ilikuwa giaboksi. Tulikuwa nazo mbili: ya lori lenyewe, na ya tipa lililofia kwenye ujenzi wa barabara, yenye gia ya kwanza ya kutambaa. Ukifunga ya lori, gari litakwenda vizuri barabarani, ila mlimani litazima. Ukifunga ya tipa, litapanda popote, ila kwenye tambarare hata baiskeli italipita.

Siku zile kila jambo liliamuliwa mkutanoni, na giaboksi nazo zikaletwa mkutanoni. Ziliwekwa chini mbele ya watu, wazee wakaziinamia kama wanaochagua mbuzi wa sadaka. Wavuvi walitaka ya lori, samaki wafike mjini kabla hawajaoza. Sisi wa milimani tulitaka ya tipa, tukachukue korosho zetu ambazo nguruwe walikuwa wakizimaliza. Mtani wangu mmoja, mvuvi, alisimama akasema, "Hawa jamaa wanataka gari la kupanda minazi." Nikamjibu kuwa samaki wake hunuka tangu wakiwa hai. Watu walicheka, lakini tukihesabiwa mikono tulikuwa tunashindwa, na kila mtu alilijua hilo.

Hapo mwenyekiti wa kijiji, mtu wa pwani asiye na mkorosho hata mmoja, akaniuliza, "Fundi, hiyo ya tipa, gari likiwa na mzigo litafika wapi?"

"Litafika mlangoni kwa mama yangu, ndugu mwenyekiti."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akazungumza kwa ajili yetu, vizuri kuliko sisi wenyewe, kwamba korosho ni mali ya taifa na haifai kuliwa na nguruwe. Mikono ikapanda. Siku ile nilimpenda mtu yule kama mjomba.

Matundu ya injini na ya giaboksi hayakulingana, kwa hiyo ilibidi niweke bamba katikati. Nilikata chuma cha mlango wa mashine ya mkonge nikakitoboa kwa mkono. Bamba kama lile, tundu lake la katikati likihama kwa unene wa kucha tu, shafti itatafuna beringi mpaka iishe. La kwanza lilihama, nikalitupa. La pili lilikaa. Giaboksi ya tipa ilikuwa ndefu, nikapunguza shafti ya kwenda nyuma, nikaichomelea upya. Kila bolti nililokaza nilimwona mama amekaa mbele karibu yangu, anashuka kuwaona wajukuu na kurudi kwake jioni. Nikamtumia salamu kuwa gari litamfikia.

Siku ya safari tulipakia magunia matupu. Njiapanda tukawakuta mgambo wana kamba na mapanga. Mwenyekiti, aliyekaa nami mbele, akasema ni wa kusaidia kubeba. Kwenye mwinuko niliingiza gia ya kwanza, na giaboksi ikanguruma sauti nene moja, bila mkwaruzo. Nilijawa na furaha kweli. Hakuna fundi asiyeipenda sauti ile.

Mama alikuwa amefagia uwanja, amevaa kanga ya sikukuu. Korosho zilianikwa mkekani. Alikuwa amenichemshia muhogo. Mgambo walishuka, wakapanda juu ya paa la nyumba yake na kuanza kulibomoa.

"Ulisema korosho," nilimwambia mwenyekiti.

"Korosho zitafuata. Watu kwanza."

Nilikataa kuendesha. Mgambo mmoja alijua kuendesha. Gari halimjui fundi wake, lilishuka naye vizuri tu. Nilikaa nyuma na mama, juu ya magunia yale matupu, na tulipofika barabarani ndipo nilipomwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akatazama mbele. "Ulisema gari litanifikia, mwanangu. Limenifikia."

Korosho hazikufuata. Lori halikupanda tena kule. Likabaki barabarani likitambaa, na samaki wakawa wanaoza njiani kama wavuvi walivyosema. Watu wananiambia nisijilaumu. Mimi sijilaumu, nina hasira. Sikumwomba mtu msamaha kwa kazi nzuri, na yule aliyeitumia hajaniomba mimi.

Mama hakukaa sana kijijini. Aliacha wosia azikwe juu, karibu na baba. Lori lilikuwapo, zima, limeegeshwa, na hakuna aliyelitaja. Tulimbeba mabegani. Mtani wangu yule mvuvi alikuja, na kwa desturi yetu mtani ana haki ya kulizuia jeneza, kumwigiza marehemu, kuwachekesha wafiwa mpaka wasahau kulia. Nilikuwa namngoja aanze. Alishika mti wa jeneza kule chini, akaupanda mwinuko wote ule, na hakufanya mzaha hata mmoja.