Miguu Iliyotoka Ziwani Imelowa

Siku muganga wa sante, kituo chetu cha afya, aliposhika muguu wa mujukuu wangu, tulikuwa batu bane: mimi; mujukuu mwenyewe, mutoto wa binti yangu; mudogo wangu wa tumbo moja; na muganga, ambaye nililima mihogo pamoja na mama yake. Majina yote niko nayo kichwani. Siyaandiki, maana bote bangali hapa mujini Baraka na tunakutana sokoni.

Mutoto alikuwa anajitayarisha kukimbilia shule yake kwenye mashindano. Mufupa wa mbele, chini ya goti, ulimuuma kila akianza mbio. Mudogo wangu aliukanda kwa mafuta ya mawese ya moto, kwa nguvu, vile tunakanda mwanamuke aliyezaa. Muganga alikataa.

"Mama, huyu si muzazi. Mufupa umechoka. Barabara ni ngumu, viatu vimekwisha chini, na mbio aliziongeza haraka. Apumzike, aloweshe miguu kwa maji baridi. Siku mutabonyeza na hauumi, atembee kwanza, kisha akimbie kidogo kidogo. Akilazimisha, mufupa utapasuka."

"Umesikia, mukewenzangu?" nilimuuliza mujukuu, kwa utani wetu wa bibi na mujukuu, maana babu yake tunamuita bwana yetu.

"Nimesikia, koko. Basi bwana yetu atanibeba mugongoni."

Tulicheka bote.

Kila asubuhi mutoto alienda ziwani na mudogo wangu, aliyekuwa anafua nguo kule. Alirudi miguu imelowa mpaka magoti, na mi nilimuwekea samaki ndagala na ugali wa moto, nikiona anapona.

Kisha mama mumoja anayeleta mihogo toka Mboko akaniambia, "Koko, mujukuu wako iko na mbio. Kila asubuhi anatupita barabarani."

"Si yeye. Yeye iko ziwani."

"Mwenye kitambaa chako cha kijani kichwani?"

Kitambaa nilimupa mimi.

Nilipomuuliza, mudogo wangu hakukana. Aliendelea kukunja nguo. "Yaya, dada yangu, mutoto alitaka kukimbia. Akirudi, mi namumwagia maji tu."

Namumwagia maji tu. Tulinyonya ziwa moja la mama, na alisema hivyo bila kuniangalia.

Mbele ya mashindano kufika, muganga alibonyeza mahali pamoja tu na mutoto akaruka. Alisema anaogopa mufupa umepasuka, hakuna mbio. Mutoto alilia. Aliegemea bega la mudogo wangu, si langu.

Ninyi batatu mulikuwa pale. Kama nimekosea neno, munikosoe. Na wewe, mudogo wangu, kama kuna siku uliniambia ukweli pale jikoni kwangu na sikusikia, kuja uniambie. Ningependa sana kuwa nimesahau, kuliko kuwa ulinificha.