Blanketi la Wasioliliwa

Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku tisa. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, wanawake watatu na mimi, na mmoja wao akaniambia nisilie, kwa sababu mama akimlilia mtoto mchanga anafunga njia ya wengine. Huyo alikuwa mama mkwe wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu mwenye cheti, na sikuamini hata neno moja la hayo. Lakini sikulia. Mwezi uliofuata nilirudi darasani nikafundisha kugawanya.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, kwetu Mbooni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kikima. Watu wakisikia Ukambani hufikiria jua na vumbi. Waje Mbooni mwezi wa saba. Ukungu unapanda kutoka bondeni baada ya chakula cha mchana, unafunika matuta ya mahindi, unafika mlangoni, na usipofunga unaingia na kukaa.

Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Sultan Hamud, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Wasafiri wa barabara ya Mombasa walisahau vitu mezani, naye aliniletea vile ambavyo hakuna aliyerudi kuvichukua: miwani, mwavuli usio na mpini, na vitabu. Vitabu vyote vilikuwa vya aina moja, vya Kiingereza, vya upelelezi. Kijiji kidogo chenye kanisa na maua. Mzee tajiri anakunywa chai, anaanguka. Mwanamke fulani mdadisi anauliza maswali mpaka muuaji anajulikana, kisha watu wanakunywa chai tena, eti hakuna lililotokea. Nilivipenda kupita kiasi na sitajitetea. Nilitaka vifo vyenye majibu.

Kroshia nilijifunza chuoni, na nyumba yangu ilikuwa na kitambaa juu ya kila kiti, nyumba ya mwalimu hasa. Sasa nikaanza blanketi la vipande. Kila nilipomaliza kitabu nilifuma kipande kimoja cha mraba, na katikati nikaweka rangi ya kifo chake. Nyeupe kwa sumu. Nyekundu kwa kisu. Buluu kwa aliyezama. Kijani kwa aliyesukumwa kwenye ngazi, na hao walikuwa wengi, maana wazungu wa vitabuni hawajui kushuka ngazi salama. Pembeni pote nilizungusha uzi wa kijivu. Niliona ni mchezo, na mchezo huo ulinisaidia nisiangalie migomba.

Mama mkwe alikuja kila alasiri na kiondo, kikapu cha nyuzi alichokuwa akisuka. Nilimwita mwaitu, mama, kama alivyoitwa na mwanawe. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsimulia kitabu kwa Kikamba, mikono yangu ikifuma na yake ikisuka.

"Hicho kijiji ni kikubwa?" aliuliza siku moja.

"Ni kidogo kuliko Kikima."

"Na watu wanauawa hivyo kila mwezi, na hawahami?"

Nilicheka mpaka nikapoteza hesabu ya vitanzi. Yeye hakucheka. Aliuliza swali lingine, na kuanzia siku hiyo aliliuliza kwa kila kitabu: "Nani alimlilia?"

Nilipekua kurasa. Kwenye vitabu vile mtu anakufa ukurasa wa thelathini, na kufikia wa arobaini watu wanagombania nyumba yake. Hakuna anayelala matangani, hakuna anayepikia wageni, hakuna anayechimba kaburi.

"Hakuna mtu alimlilia, mwaitu."

"Sasa yeye atajuaje kwamba amekufa?"

Nilimwambia ni hadithi tu, watu hao hawakuwahi kuwa. Alivitazama vipande vilivyolala ndani ya kikapu changu, akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Mtoto wa pili alizaliwa mwaka wa tatu wa mchezo huo. Msichana. Blanketi lilikuwa limekamilika, safu sita za vipande vitano vitano, nikamfunika nalo. Niseme ukweli ambao nimeuficha miaka mingi: sikuweza kumpenda. Nilimwosha, nilimvalisha, nilimnyonyesha, lakini nilimnyonyesha nikivisoma upya vitabu vilevile, kimoja kikiegemea mgongo wake. Niliogopa kumtazama usoni nikamzoea. Maziwa yakapungua. Alipofikisha miezi mitano mikono yake ilikuwa myembamba, na muuguzi wa kliniki akanionya kwamba asipoongeza uzito tutampoteza.

Ni wakati huo mama mkwe alipoanza kusalimia kwa namna ya ajabu. Aliingia, akanikuta mimi peke yangu na mtoto amelala, akasema, "Hamjambo nyote," akiangalia kitanda. Nilimkaripia. Nilimwambia sisi ni watu waliookoka, na mambo ya aimu, zile roho za waliotutangulia, tuliyaacha zamani. Akajibu kwamba hata yeye ameokoka, lakini kuokoka si sababu ya kukosa adabu.

Kisha nikaona mwenyewe. Mtoto alikuwa na kipande chake. Kilikuwa ukingoni, katikati yake njano hafifu, nacho ndicho alichokitafuta kila alipoamka. Alikigusa, akakichekea. Hakikuwa kicheko cha mtoto anayeona rangi, kwa maana rangi kali zaidi zilikuwa pale pale karibu. Alicheka kwa vituo, jinsi mtoto anavyomchekea mtu aliyemwinamia, akisubiri ajibiwe, kisha akacheka tena. Niligeuza blanketi, upande wa kichwani ukaenda miguuni. Alilalamika, akajipindua, akahangaika mpaka akaelekea huko chini. Siku iliyofuata nililikunja ili kipande kile kiwe ndani, kisionekane kabisa. Nilipotoka jikoni nilimkuta ameweka shavu juu ya mkunjo, mahali penyewe, amefumba macho na anacheka. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba kila kitu kina sababu, kwa hiyo nilikinusa kipande kile, nikidhani labda kilimwagikiwa na maziwa. Hakikuwa na harufu yoyote.

Mama mkwe aliona bila kuambiwa. Alasiri moja, saa tisa hivi, ukungu ukiwa umeshafika dirishani, aliingia, akaweka kiondo chini, akamchukua mtoto mapajani na kuniambia nilete katoni la vitabu.

"Hesabu," akasema.

Vilikuwa ishirini na tisa.

"Hesabu vipande."

Thelathini. Nilihesabu tena.

"Niambie mmoja mmoja, alikufa vipi."

Nilitaka kukataa, lakini nilikuwa nimeanza kuogopa. Nikataja. Mzee wa sumu. Mpwa wa kisu. Mwimbaji wa kanisa aliyezama mtoni. Kila nilipotaja mmoja nilitoa kitabu chake nikakiweka sakafuni, na mama mkwe akakifunika kipande kwa kiganja, polepole, kisha akahamia kingine. Nje hakukuwa na sauti hata ya kuku. Mtoto alikuwa macho, ametulia tuli, akifuata kiganja cha nyanya yake. Katoni likaisha. Kikabaki kile cha njano.

"Na huyu?"

"Sikumbuki."

"Njano ni kifo gani?"

"Sijawahi kuweka njano," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ilinitisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Njano haikuwa rangi ya kifo chochote.

Alivuta uzi kidogo pale katikati kwa ukucha, akaniita nikaribie. Msukaji wa kiondo anajua nyuzi. Huu ulikuwa na mawimbi madogo madogo. Uzi mpya hulala sawa. Ukiuona umejikunja hivyo, ujue uliwahi kufumwa ukawa kitu kingine, kisha ukafumuliwa.

"Uzi huu nilinunua mimi, Kikima," akasema. "Kofia yake iko wapi?"

Alikuwa akiuliza kofia ya njano niliyomfumia mtoto wa kwanza kabla hajazaliwa. Aliivaa siku zake zote tisa. Niliiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, nikatia kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu tangu siku ile. Tulilivuta sanduku. Nikafungua. Soksi zilikuwemo, na leso yake, imekunjwa nilivyoikunja. Kofia haikuwemo.

Mpaka leo sikumbuki kuifumua. Mikono iliyofuma kipande kile ni yangu. Namjua mfumaji huyo kwa jinsi anavyokaza pembe kupita kiasi. Lakini siku yenyewe, saa yenyewe, nimeitafuta na haipo. Binti yangu, ambaye sasa ni mwanamke mnene mwenye vicheko vingi, anasema niache kuitafuta.

"Alikufa vipi?" mama mkwe akauliza tena, na sasa hakuangalia kipande. Aliniangalia mimi.

Alijua, alikuwepo, lakini alisikiliza kama mgeni. Nilimwambia kwamba siku ya nane alikataa ziwa. Kwamba mwili ulikuwa moto, kisha ukapoa, nami nikafurahi nikidhani amepona. Kwamba nilimvutia kofia vizuri masikioni asipate baridi, na kumbe nilikuwa nikimvalisha mtoto aliyekwisha kwenda. Kwamba tangu hapo hakuna aliyetaja jina lake, hata mimi.

"Na nani alimlilia?"

"Hakuna mtu."

"Ni mimi nilikukataza," akasema.

Akanirudishia mtoto. Nilimpokea, nikamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi, nikaona naye ananitazama, na kwamba pengine alikuwa akinitazama hivyo miezi yote mitano. Niliona aibu mbele yake. Mama mkwe alivua kitambaa cha kichwa, akafungua mlango, akasimama akielekea ukungu na migomba, na akapiga nduru ya msiba, ile inayoanza chini na kupanda. Nilifungua mdomo nimnyamazishe, ikatoka ya kwangu. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Majirani walitokea ndani ya ukungu mmoja mmoja, wakikimbia, huyu na jembe, huyu na mikono ya unga. Walimwona mtoto kifuani mwangu, anapumua, wakashindwa kuelewa.

"Nani amekufa?"

"Mjukuu wangu," mama mkwe akasema. "Yule kifungua mimba."

Mwanamke mmoja, aliyekuwa nasi siku ile kwenye migomba, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Amekufa lini?"

"Leo," nikasema.

Akaweka jembe chini, akaketi sakafuni kando yangu, akaanza kulia.