Neno "fain" la baba yangu, nililolisikia vibaya miezi saba Toronto

Wakuu, habari za Jumapili. Leo naomba niwaandikie jambo la baba yangu. Sijatia chumvi, binti yangu naye ni member humu, nikidanganya atanisahihisha.

Mwaka 2009 nilimleta mzee Toronto, miaka miwili baada ya mama kufariki. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, kwetu Tukuyu.

Tuliishi Mount Dennis, ghorofa ya tisa: mimi, mke wangu na binti yetu Neema, wakati huo yupo grade ten.

Neema anaelewa Kiswahili ila anajibu Kiingereza. Basi mzee naye akawa anaongea naye Kiingereza chake cha shule ya misheni. Mara hither, mara yonder, maneno ambayo siku hizi hakuna anayeyasema. Mke wangu alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Kila tukimwalika kutoka, iwe kwa Watanzania wenzetu Mississauga au kutembea tu, alijibu taratibu, "I would fain be at home."

Mimi nilisikia fine. Nikajua anasema yuko fine kubaki ndani, nikalaumu lafudhi tu. Tunamwachia chai kwenye chupa, tunaondoka.

Miezi saba hivyo. Huku naandaa makaratasi akae moja kwa moja. Nilijiona mtoto mwema kweli.

(Na baridi ya mwaka ule, wakuu, tusiongee.)

Jumamosi moja Neema alikuwa na homework ya maneno ya kizamani kwenye tamthilia. Akampelekea babu yake. Mzee akamweleza kwamba fain ni kwa furaha, kwa moyo wote. Kwamba washairi wa zamani walipenda kuliweka pamoja na would, pale mtu anapotamani kitu sana lakini kuna kinachomzuia.

Neema akanifuata jikoni naosha vyombo.

"Dad, he's not saying fine. And I don't think home is here."

Nilifuta mikono, nikaenda kukaa na mzee dirishani alipozoea kukaa. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama anataka kurudi.

"Mwanangu, umenikatia tiketi, umeninunulia koti, mkeo ananipikia. Ningeanzia wapi kukwambia nataka kuondoka?"

Nililia, sioni aibu kusema. Yeye ndiye akawa ananibembeleza.

Makaratasi niliyaacha. Mwezi wa tano akarudi Tukuyu, akaishi miaka minne mingine nyumbani kwake, na migomba yake na wanafunzi wake wa zamani wanaopita kumwamkia. Kila Jumapili Neema alimpigia, naye alimfundisha neno moja la kizamani. Wiki za mwisho za uhai wake mzee ndiye aliyemwomba Neema neno la Kiswahili, na Neema akaanza kumjibu kwa Kiswahili, kimevunjika vunjika, lakini Kiswahili.

Nilichojifunza: mzee wako akiwa mgeni kwako atachagua maneno ya adabu kuliko maneno ya kweli. Usiridhike na jibu la kwanza. Kaa chini, uliza tena, kwa lugha aliyokulea nayo.

Nyie mnaoishi na wazazi ughaibuni, wanawaambiaje wakikumbuka nyumbani? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.